Mama wa Ziwa

Kazi ilikuwa ya miezi mitatu. Hilo Benta aliambiwa waziwazi, kabla hata hajaweka mkoba wake chini, na asije mtu hapa akasema kwamba alidanganywa. Suleman, mwenye nyumba, alisema mke wake yuko hospitalini Nairobi, madaktari wamempa miezi mitatu ya matibabu, na akirudi yaya hatahitajika tena. Benta akaitika. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amemzika mtoto wake, na kwa mtu aliye katika hali hiyo miezi mitatu ni kitu gani? Hata Jumapili ijayo ilikuwa mbali.

Kwao ni Rodi Kopany, juu kidogo ya soko, kwa mzee mmoja mchoma matofali. Alipofika miaka ishirini na tatu alichoka kuhesabiwa miongoni mwa walaji wa boma lile, akashuka Muhuru Bay kutafuta riziki. Kule alianika omena, dagaa wa ziwani, akapata mvuvi, akapata mimba, na mvuvi akapata safari ya kuvuka upande wa Tanzania ambayo mpaka leo haijaisha. Mtoto akazaliwa, wa kiume, akaitwa Levis. Aliishi wiki saba. Homa ilianza Ijumaa, na Jumapili watu wakitoka kanisani walimkuta Benta amekaa mlangoni pa chumba chake, mtoto mapajani, anamfukuzia nzi. Hakutaka mtu amwambie jambo ambalo alikuwa ameshalijua tangu alfajiri.

Akarudishwa Rodi kwa mazishi. Na kuna jambo ambalo watu hawalisemi, ama kwa aibu ama kwa kudhani kila mtu analijua, nalo ni kwamba mwili haupewi taarifa ya msiba. Mtoto amefukiwa, maziwa yanakuja. Benta alijifunga kifua kwa leso mpaka akawa anapumua kwa shida. Mdogo wake, Edith, alimletea majani ya kabeji ayaweke kifuani, kwa sababu alisikia yanasaidia. Wapi! Kila mtoto wa jirani alipolia, blauzi ya Benta ililowa. Alikuwa akienda nyuma ya choo kujikamua kwenye nyasi, na huko ndiko alikolilia, maana nyumbani mama yake alikuwa ameshamwambia yatosha, machozi hayamrudishi mtu.

Ndipo Jerusha akapiga simu. Jerusha ni binamu yake, anauza vitunguu sokoni Migori, na hakuna mlango wa mji ule asioujua. Alisema kuna Waislamu wenye duka la mapazia wanatafuta yaya wa muda, mwanamke mzima, msafi, asiye na mtoto mchanga wa kumgawanya. Alipolitamka hilo la mwisho aliomba msamaha, halafu akaendelea. Na akatoa onyo. Benta asitaje Muhuru Bay. Asitaje ufuo, wala omena, wala ziwa lenyewe. Watu wa mjini wana maneno yao kuhusu wanawake wa ufuoni: kwamba hawapati samaki bila kulala na mvuvi, kwamba wote wana ugonjwa. Ukisema umetoka ziwani, Jerusha alisema, hata kikombe chao hawatakupa, sembuse mtoto. Sema wewe ni wa Rodi. Basi.

Lilikuwa onyo la mtu mwenye nia njema, na kazi Benta aliipata. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai.

Nyumba ilikuwa juu ya duka lenyewe. Walioishi humo walikuwa Suleman, mama yake aliyeitwa Bi Kaltum, na mtoto Mohammad wa miezi miwili. Mke wa Suleman, Fardowsa, alishikwa na ugonjwa wa moyo wiki chache baada ya kujifungua. Alipelekwa Nairobi amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, na dawa alizopewa zilikuwa kali, hakuruhusiwa kunyonyesha. Kwa hiyo mtoto akabaki na bibi yake na maziwa ya kopo.

Bi Kaltum alikuwa mzaliwa wa Lamu, aliyeletwa bara na ndoa akabakizwa na ujane. Miguu yake ilivimba, ngazi hakuziweza, na Kiswahili chake Benta alikuwa akikisikia nusu nusu. Si kwamba Benta hakujua Kiswahili. Alikijua cha sokoni na cha shuleni, kile kinachokaa bega kwa bega na Dholuo bila ugomvi. Cha Bi Kaltum kilikuwa na vyumba vya ndani ambavyo hajawahi kuingia. Siku ya pili tu mama yule alimwambia, "Nitandikie msala, mwanangu." Benta kwa heshima zote akaenda kusugua choo. Kwao Rodi msala ni choo, hakuna msala mwingine. Alisugua robo saa nzima huku mama wa watu amesimama na udhu wake anangojea mkeka wa kuswalia. Mambo yalipojulikana Bi Kaltum alicheka mpaka akakaa chini, na Benta naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Wangekuwa na akili, kuanzia siku ile wangeulizana kila neno. Kuuliza si ujinga. Lakini waliishia kucheka tu.

Mtoto sasa. Mohammad alikataa chupa. Aliilamba, akaitema, akalia kilio kile chembamba cha mtoto aliyechoka kulia, na mashavu yake yalikuwa yameanza kuingia ndani. Walibadilisha kopo, walibadilisha chuchu ya chupa, wakampeleka kwa daktari, na daktari akasema wajaribu tena. Siku ya tatu, alasiri, Bi Kaltum alikuwa anaswali chumbani kwake na Suleman yuko dukani. Benta alikuwa amekaa kitandani na mtoto, chupa mkononi, na leso aliyojifunga ilikuwa imelowa kabisa. Mtoto aligeuza uso, akaanza kumtafuta kifuani kwa mdomo.

Ni nani angefanya vingine? Mimi simlaumu, na kama wewe unamlaumu, hadithi hii iachie hapa hapa. Alikuwa amepimwa kliniki wakati wa mimba, akapimwa tena baada ya kujifungua, na kijitabu chake kilisema yu salama. Alilegeza leso. Mtoto alishika kwa nguvu, akanyonya huku ametoa macho kana kwamba anaogopa kunyang'anywa, na Benta akalia kimya kimya bila kujipangusa, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Baada ya hapo hakukuwa na kurudi. Kila alasiri, kila asubuhi baada ya kumwogesha mtoto, kila walipobaki peke yao mlango ukiwa umerudishwa. Chupa iliandaliwa kama kawaida na nusu yake ikamwagwa. Mohammad akanenepa. Mikono ikapata mikunjo. Akaanza kucheka kwa sauti, na kicheko chake cha kwanza kilikuwa cha Benta, hakuna wa kubisha. Bi Kaltum alimpakata mjukuu wake, akasema mashaallah, akamtazama yaya kwa jicho la kutafakari.

Na Benta alijua anachokifanya? Alijua. Alijiambia mara mia kwamba huyu si Levis. Alijua pia kwamba siku ikifika atafungasha. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka aruhusiwe kuja kumwona, labda mwisho wa mwezi, labda sikukuu, amwone akitambaa, amwone akitembea, asimpoteze huyu naye moja kwa moja kama aliyefukiwa. Alipanga kuomba ruhusa hiyo siku ya kuondoka. Aliyafanyia mazoezi maneno yake akifua nepi.

Fardowsa alirudi Jumanne. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua tatu, mwembamba, baibui linamning'inia, na alipofika juu alinyoosha mikono kabla hata hajavua viatu. Benta akampa mtoto. Mohammad alimtazama yule mwanamke, akatazama nyuma, akapiga yowe. Akamnyooshea Benta mikono. Fardowsa alimbembeleza, akamwimbia, akambadilisha bega, na mtoto akazidi kulia mpaka akakosa pumzi. Mwishowe ilibidi arudishwe kwa Benta, akanyamaza papo hapo. Fardowsa alisema, "Sawa, atanizoea tu," akaingia chumbani akafunga mlango.

Siku ya Alhamisi, ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, Bi Kaltum aliwaita wote sebuleni. Alimketisha Benta karibu naye kwenye mkeka. Suleman alikuwa kwenye kiti, anaangalia simu yake. Fardowsa alikuwa dirishani, mtoto amemlalia begani, na hakugeuka.

"Benta mwanangu," Bi Kaltum alisema, "nitakuuliza jambo, na mbele ya hawa nataka ulijibu kweli. Wewe ni mama wa ziwa?"

Ewe msomaji uliyelelewa na Kiswahili cha pwani, najua umeshika kichwa. Wewe unajua kwamba ziwa ni titi, na kwamba mama wa ziwa ni yule aliyekunyonyesha ingawa hakukuzaa. Benta hakujua. Katika maisha yake yote ziwa lilikuwa moja tu, na alikuwa ameliona kwa macho yake, na lilikuwa na omena ndani. Neno lile liliingia sikioni likageuka hapo hapo kuwa nam, ziwa la maji kwa Dholuo, na mama wa ziwa akawa yule mwanamke wa ufuoni ambaye Jerusha alisema hapewi hata kikombe. Nani amewaambia?

"Hapana, Mama," alisema. "Mimi ni wa Rodi."

Bi Kaltum hakuelewa Rodi imeingiaje hapo. Alimshika mkono. "Si jambo la kuficha. Hakuna atakayekutukana. Niambie tu ni mara ngapi. Hata kama ni mara chache, sema."

Mara ngapi! Benta aliona uso wote unawaka. Mama mzima, mwenye tasbihi mkononi, anamuuliza amelala na wavuvi mara ngapi, mbele ya mwanawe wa kiume. Akafikiria ruhusa aliyotaka kuomba. Akafikiria kwamba akikubali, hata mtoto hatamgusa tena kumuaga.

"Hata mara moja," alisema. "Haki ya Mungu, mbele yake na mbele yenu. Mimi si mama wa ziwa na sijawahi kuwa."

Dirishani Fardowsa alishusha pumzi ambayo watu wote waliisikia. Bi Kaltum aliuachia mkono. Uso wake ulijaa majonzi, na Benta aliyasoma majonzi yale kama dharau. Mama yule alisema, "Umeapa. Basi," akaegemea ukuta, akafumba macho.

Maneno aliyoyafanyia mazoezi Benta aliyasemea mlangoni, kwa haraka, mshahara wake ukiwa umeshafungwa kwenye bahasha. Aliuliza kama anaweza kuja siku moja kumsalimia mtoto. Suleman ni mtu mpole, hakumwambia hapana. Alisema, "Tutakupigia simu." Kila Mkenya aliyewahi kutafuta kazi anajua maana ya hayo. Mtoto alikuwa amelala. Kwa hilo peke yake Benta alishukuru, mpaka alipofika Rodi, ndipo akatamani angekuwa macho.

Simu haikupigwa. Mwezi wa kwanza alikuwa anaichaji kwa jirani kila siku, wa pili akawa anaichaji siku mbadala. Maziwa yalimuuma tena, kifua kilekile, leso ileile, nyasi zilezile nyuma ya choo, na safari hii hakukuwa hata na kaburi la kuonyesha watu. Ungemwambia nani? Mama, nimefiwa tena, na aliyekufa yuko hai, ananenepa Migori. Wangesema amerukwa na akili. Alipata kibarua cha kupepeta maharagwe kwa mfanyabiashara mmoja pale sokoni, akawa anakaa na ungo tangu asubuhi, na wateja walimsifu kwa ukimya wake.

Miezi ikapita, ikafika minane. Jioni moja jua likiwa bado lipo, Edith alikaa karibu naye nje ya nyumba akifanya kazi ya shule. Yuko gredi ya nane, na mwalimu wao wa Kiswahili, Monari, ni mtu wa kupenda maneno magumu. Edith husoma majibu yake kwa sauti ili yamkae kichwani.

"Tunga sentensi mbili kuonyesha maana tofauti za neno ziwa," alisoma. "Moja. Ziwa Victoria lina samaki wengi. Mbili. Mama alimpa mtoto ziwa, akanyamaza."

Ungo wa Benta ulisimama hewani. "Alimpa mtoto nini?"

"Ziwa. Ni titi. Mwalimu Monari amesema watu wa pwani ndivyo wanavyosema. Hata mimi nilicheka."

Benta aliweka ungo chini polepole, maharagwe yakamwagika upande mmoja, hakuyaokota. Edith alimuuliza kama anaumwa. Benta hakuwa pale tena. Alikuwa sebuleni Migori, kwenye mkeka, mkono wake umeshikwa na mama wa kizee anayemwambia si jambo la kuficha. Niambie tu ni mara ngapi. Aliyasikia upya maneno yote, moja moja, na kila moja lilikuwa la huruma. Kumbe alikuwa anaulizwa kama amemnyonyesha mtoto. Kumbe Bi Kaltum alijua! Na yeye akaapa kwa jina la Mungu kwamba hata mara moja, yeye aliyemnyonyesha siku ya kwanza tu mara nne. Aliinamisha kichwa magotini akalia kama mtoto, kwa sauti, mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani tena.

Jumamosi alikwenda Migori. Alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo fupi: nilimnyonyesha. Hakujua litamletea nini. Alijua tu kwamba lile aliloapa si kweli, na kwamba huenda mama yule aliyejaa majonzi atamwambia ingia.

Bi Kaltum hakuwepo. Alikuwa amerudi Lamu kwa binti yake, kwa sababu ya miguu. Fardowsa ndiye aliyefungua. Alikuwa amepata nyama kidogo usoni, ingawa bado alivuta pumzi kwa kipimo, na alipomwona Benta rangi yake ilibadilika. Alimkaribisha, akamketisha, akaweka chai. Na mtoto akaja. Alikuja anatembea, ameshikilia ukingo wa meza, meno manne mdomoni, akasimama kumtazama mgeni.

"Msalimie anti," Fardowsa alimwambia.

Mtoto alimtazama Benta juu mpaka chini bila kumjua, akajificha nyuma ya magoti ya mama yake. Benta alitabasamu kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya. Alifungua mdomo atoe neno lake, na Fardowsa akamtangulia.

"Ni vizuri umekuja," alisema. "Kuna kitu kinaninyima usingizi. Mama mkwe hakuamini ulivyoapa. Mpaka leo kila akipiga simu anasema ulimnyonyesha Mohammad, kwamba alipokuwa akimpakata Jumapili ukiwa kanisani mtoto alikuwa anamtafuta kifuani. Anasema yeye amelea watoto tisa, hadanganyiki. Anataka Suleman akutafute."

Benta aliuliza kwa nini atafutwe. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

Fardowsa alimweleza, na alimweleza kwa haki bila kupunguza. Alisema katika dini yao mwanamke akimnyonyesha mtoto akashiba, mara tano, huyo ni mama yake. Si mfano wa mama, ni mama, mpaka kufa. Watoto wake ni ndugu za mtoto. Nyumba hii angeingia kama ndugu, siku yoyote. Mohammad angefundishwa jina lake, angemtembelea Rodi, siku ya kuoa angemkalisha mbele. Bi Kaltum alitaka hayo yasemwe waziwazi siku ile ili Benta aondoke akiwa mtu wao.

Yote aliyoyataka, na zaidi ya aliyothubutu kuyataka, yalikuwa pale mezani karibu na chai, na bei yake ilikuwa kusema kweli.

"Mimi siwezi kumkatalia haki yake mtu," Fardowsa aliendelea. "Kama ni kweli, ni kweli, nitapokea. Lakini nakuambia kama mwanamke. Nilimnyonyesha wiki tatu. Wiki tatu tu, halafu wakanichukua. Madaktari wameniambia nisizae tena, moyo hautastahimili. Niliporudi alikuwa ananililia kama mgeni. Nimemrudisha kidogo kidogo, kwa miezi, na bado nikimtazama najiuliza, huyu alikuwa wa nani wakati mimi sipo? Kila nikifikiria kwamba kulikuwa na mwingine ..." Alimwinua mtoto akamweka mapajani, akamzungushia mikono yote miwili. "Nijibu nijue. Ulimnyonyesha?"

Safari hii neno lilikuwa wazi. Halikuwa na ziwa ndani, wala pwani, wala bara. Hata mtoto wa gredi ya kwanza angelielewa.

Benta alimtazama yule mtoto. Alitazama ile mikono iliyomzunguka, mishipa imesimama kwa namna ilivyomshika, na akaijua mikono ile, kwa maana alikuwa nayo mwenyewe mlangoni Muhuru Bay Jumapili moja, akifukuza nzi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wangekuwa hawajui wote wawili, ingekuwa rahisi.

"La, mama Mohammad," alisema. "Alikunywa chupa. Alisumbua mwanzo, halafu akazoea. Bibi yake alimpenda sana, labda ndiyo maana aliona hivyo."

Fardowsa alianza kulia. Alimshika Benta mkono akaubusu, akasema Mungu amlipe, akasema samahani kwa kumuuliza mara mbili jambo ambalo alikuwa ameshaapa. Alimsihi anywe chai. Benta aliinywa yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa ni utovu wa adabu. Hakumwomba kumpakata mtoto. Alijua akimpakata atasema.

Kwenye ngazi alisikia Mohammad anacheka huko juu, kicheko kilekile, akaendelea kushuka akishika ukuta.

Watu wa Rodi watakuambia Benta amebadilika tangu siku hiyo, ingawa hawajui ni siku gani. Anapepeta maharagwe, anaenda kanisani, akiombwa kumshika mtoto wa mtu anasema mikono yake ni michafu. Mwaka huu mhudumu wa afya wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba na simu ya kazi, akiwauliza wanawake habari za uzazi na kunyonyesha. Ni dada mmoja mwenye haraka, aliyekuwa na boma nyingi za kumaliza kabla ya mvua. Alikaa kwenye kigoda, akamuuliza Benta amezaa mara ngapi.

"Mara moja."

Yuko hai?

"Hayuko."

Mhudumu alisema pole, akabonyeza, akauliza swali lililofuata, amenyonyesha watoto wangapi.

"Wawili," Benta alisema.

Yule dada alibonyeza, simu ikakataa. Akabonyeza tena. Akamwelekezea kioo aone mwenyewe, kwamba aliyezaa mmoja hawezi kuandikiwa wawili, mashine inagoma, labda amekosea kuhesabu.

"Sijakosea," Benta alisema. "Lakini andika mmoja."

Akaandika mmoja, simu ikakubali, wakaendelea na swali la maji ya kunywa.